Kuondoa Kinga si Kuhukumu

Mwezi Mei 2025, mambo mawili yalitokea Kinshasa katika wiki moja. Tarehe 20, Mahakama ya Katiba ilimhukumu Augustin Matata Ponyo, waziri mkuu wa zamani aliyekuwa mbunge, miaka 10 ya kazi za kulazimishwa kwa ubadhirifu wa fedha za mradi wa kilimo wa Bukanga-Lonzo. Siku mbili baadaye, Baraza la Seneti lilimwondolea kinga ya kutoshtakiwa Joseph Kabila, seneta wa maisha kwa kuwa aliwahi kuwa rais, kwa kura 88 dhidi ya 5.

Simlilii yeyote kati yao. Fedha zile zilikuwa za wananchi, na Kabila, anayetuhumiwa kushirikiana na waasi wa M23, hana budi kujibu mashtaka. Ninachopinga ni njia iliyofuatwa.

Kifungu cha 107 cha Katiba ya Kongo kinakataza mbunge au seneta kushtakiwa au kukamatwa wakati wa vikao bila idhini ya baraza lake, isipokuwa akifumaniwa akitenda kosa. Kinga hiyo ni ya baraza zaidi kuliko ya mtu, kwani bila hiyo serikali yoyote ingeweza kuwapunguza wapinzani wake mmoja mmoja kwa hati za mashtaka. Juni 2021, Matata akiwa seneta, Seneti ilikataa kumwondolea kinga katika suala hilohilo la Bukanga-Lonzo. Novemba mwaka huo Mahakama ya Katiba ikajitangaza kuwa haina mamlaka ya kumhukumu waziri mkuu wa zamani, kisha ikageuza msimamo wake. Alipochaguliwa kuwa mbunge, Bunge lilidai liombwe idhini kwanza, lakini kesi ikaendelea hadi hukumu. Mshtakiwa atajiteteaje iwapo hata mlango wa kuingilia mahakamani unabadilishwa kila mara?

Kwa Kabila, lawama hazina upande mmoja. Aliitwa ajieleze mbele ya maseneta, hakufika. Hata hivyo, ipo sheria ya mwaka 2018 inayotaka theluthi mbili za mabaraza yote mawili kabla ya rais wa zamani kushtakiwa kwa mambo yaliyo nje ya kazi yake ya urais. (Aliitia saini mwenyewe, mwamba ngoma huvutia kwake.) Suala la kama useneta wake uliitangua sheria hiyo lilistahili hoja za kisheria zilizosikilizwa kwa utulivu. Badala yake, lilizimwa kwa wingi wa kura, na tarehe 30 Septemba Mahakama Kuu ya Kijeshi ikamhukumu kifo bila mwenyewe kuwepo wala wakili wake kumsemea.

Kifungu cha 61 kinasema haki ya kujitetea haiwezi kusitishwa hata katika hali ya hatari. Kwa hiyo, kabla ya kura yoyote ya namna hii, maseneta na wabunge wapewe jalada mapema walisome, wakili wa mtuhumiwa asikilizwe hata kama mteja wake yuko mafichoni, na sababu za uamuzi ziandikwe, ili mahakama ijue imeruhusiwa kuchunguza kosa lipi na lipi haikuruhusiwa.