Ripoti ya Mapato, Msanii Asiyejulikana

Ofisini kwetu flashi zilipigwa marufuku baada ya kirusi kimoja kuyageuza mafolda yote ya uhasibu kuwa njia za mkato zisizofika popote. Fundi wa kompyuta alipita meza hadi meza akizifunga mashine zisisome diski yoyote ya nje. Kuanzia hapo ukichomeka flashi, kompyuta inakaa kimya kana kwamba hujaigusa. Mwenye kazi ya kumalizia nyumbani alibaki na baruapepe, nayo baruapepe ya ofisi ilikuwa haimezi kiambatisho chenye uzito wowote wa maana.

Mimi nilikuwa na kicheza muziki. Cheusi, kioo kimechanika pembeni, lakini chaji kinakaa nayo. Siku moja nikakichomeka kwenye kompyuta ya ofisini kipate umeme tu, mara nikaona kimetokea kwenye skrini na jina lake kamili! Kumbe vicheza muziki vya aina ile havijitambulishi kama diski. Vinaongea na kompyuta kwa utaratibu mwingine, unaitwa MTP, na fundi wetu komeo lake alikuwa ameliweka kwenye mlango wa diski. Kidude changu kilikuwa kinapita dirishani.

Kilikuwa na masharti yake lakini. Ukikipa slaidi kinakataa katakata: mimi nabeba muziki. Basi unafuta zile herufi za mwisho kwenye jina la faili, unaandika mp3, kinaipokea bila swali. Hakichunguzi kilichomo ndani, kinasoma jina kinaamini. Ukifika upande wa pili unarudisha jina la zamani, slaidi zako zinafunguka salama salimini. Kwa mwendo huo nilihamisha bajeti, barua, hadi orodha ya likizo ya idara nzima. Na wala sikuwa mvumbuzi. iPod ya kwanza, iliyotangazwa tarehe 23 Oktoba 2001, ilisifiwa kwa nyimbo 1,000 mfukoni, ila ndani yake mlikuwa na diski ya GB 5 ambayo mwenye akili aliweza kuitumia kubebea mafaili ya kawaida. Enzi hizo disketi ilikuwa inabeba MB 1.44, na ukiikunja kidogo hata hizo huzipati.

Sasa ikaja siku ya kikao cha bodi. Ripoti ya mapato ni yangu, nimeimalizia nyumbani usiku, nimeibatiza mapato.mp3, imo mfukoni. Ukumbini wajumbe wameshakaa, projekta imewashwa, Mzee mwenyewe yuko kiti cha mbele. Mzee ni mkurugenzi wetu. Hajawahi kupaza sauti, na hilo ndilo linalotutisha.

Nikachukua waya uliokuwa pale mezani, nikachomeka. Kidude kikawaka, alama ya betri ikaanza kujaa taratibu. Kompyuta, kimya. Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka tena. Betri inajaa, kompyuta haina habari. Fundi akaja, akauangalia ule waya, akatikisa kichwa. Waya kamili wa USB wa aina ile una nyuzi nne ndani, mbili za umeme na mbili za kupitishia data. Huu ulikuwa wa kuchajia tu, una zile mbili za umeme basi. Kwa hiyo ripoti ilikuwa inashiba mbele ya bodi nzima bila kutoka.

"Ripoti iko wapi?" akauliza Mzee.

"Imo humu, Mzee."

"Humu kwenye redio?"

"Si redio, Mzee. Ni kicheza muziki."

Akafikiri kidogo. "Kama imo humo, basi ichezeni."

Nilitaka kueleza. Ila pale mezani kulikuwa na waya mwingine, ule wa spika za ukumbi, wenye pini ya heidifoni, na fundi wetu ni mtu wa kutii amri. Akaupachika, akatafuta kwenye orodha. Faili lisilo na maelezo ya wimbo hupangwa mahali pake pa peke yake, kwa hiyo ripoti yangu niliiona ikitokea kwa heshima zote: Msanii Asiyejulikana, Albamu Isiyojulikana, wimbo: mapato. Akabonyeza.

Kwanza kimya. Halafu spika zikatoa mlio, twiii, krrr, twi-twi, kama kuku aliyekanyagwa ndani ya simu. Hicho kidude kilikuwa kinatafuta muziki ndani ya slaidi zangu, na kila kilipokuta vipande vya namba vinavyofanana na mwanzo wa muziki, kilivipiga. Mjumbe mmoja akavua miwani. Mwingine akamuuliza jirani yake kwa sauti ya chini kama hiyo ndiyo robo ya pili.

Baada ya hapo ripoti ikaisha, na kidude, kwa kuwa kazi yake ni muziki, kikaenda kwenye wimbo unaofuata wa Msanii Asiyejulikana. Hapo ndipo damu iliponiganda. Kile kidude kina maikrofoni. Usiku ule nilikuwa nimejirekodi nikifanya mazoezi ya kuisoma ripoti, na rekodi nayo haina jina la msanii. REC001.

"Waheshimiwa wajumbe wa bodi," ikasema sauti yangu kutoka pande zote nne za ukumbi.

Nikaruka kukizima. Mzee akainua kidole. "Kiache."

Basi tukasikiliza. Na kusema kweli nilikuwa nimesoma vizuri, pole pole, tarakimu zote mahali pake. Wajumbe wakaanza kuandika. Nikaanza kupata moyo. Mara mlango ukalia ndani ya rekodi, na sauti ya mke wangu ikaingia: "Baba watoto, unaongea na nani huko stoo?"

"Na bodi."

"Iambie bodi isogee, nataka ndoo."

Ukumbi ukawa unajizuia. Ndoo ikasikika ikiburuzwa, kirefu, kisha mimi nikaendelea na gharama za uendeshaji. Fundi alikuwa hacheki. Alikuwa amekikodolea macho kile kidude, anakigeuza geuza, na nikaona kabisa kwamba dirisha langu linazibwa jioni hiyo hiyo.

"Hapa kwenye usafiri," ikasema sauti yangu, sasa imeshuka kama ya mtu anayejinong'oneza, "Mzee atauliza swali lake lile lile la mafuta. Nitajifanya nakohoa, nihamie ukurasa wa tano."

Mzee alikuwa ameshainua mkono. Naapa, mkono ulikuwa juu tayari, na mdomo umefunguka nusu. Na mimi, sijui ni mate au ni hofu, kikohozi kikanishika cha kweli. Nikakohoa hadi machozi. Kwenye spika nako nikawa nakohoa, kile cha mazoezi, safi kabisa. Tukakohoa pamoja, mimi na mimi, mpaka mjumbe mmoja akaniletea maji na mwingine akalala juu ya makabrasha yake, mabega yanatikisika.

Rekodi ikamalizia kwa "ahsanteni sana kwa kunisikiliza", ikakatika. Hakuna aliyepiga makofi.

Katibu ndiye aliyevunja kimya, kalamu ikiwa juu ya daftari la kumbukumbu. "Samahani, Mzee. Hapa niandike ripoti iliwasilishwa, au ilipigwa?"

"Andika ilisikilizwa," akasema Mzee, akifunga faili lake. "Na hicho kikohozi kiweke kwenye mengineyo."