Fedha za maji zimeliwa: tuendelee kulipa?

Kwenye vijiji vya uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala na Tandahimba mkoani Mtwara, kuna ugomvi unaozuka mara kwa mara: wananchi wanagoma kulipa ada ya maji. Wengi hawalalamikii bei. Walishalipa, pampu ikaharibika, wakauliza fedha za matengenezo ziko wapi, wakakosa jibu.

Nianze na wanaogoma, maana hoja yao ni nzito. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliwaambia wanavijiji kwamba mradi ni wao, kwa hiyo gharama za uendeshaji na matengenezo ni zao pia. Wakakubali. Sheria ya mwaka 2019 ikaleta RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo watu wengi mpaka leo wanaviita kamati ya maji. Sasa mtu akiambiwa mali ni yake na matengenezo ni yake, hesabu nazo aonyeshwe. Katika kijiji kimoja ninachokifahamu, mhudumu wa bomba alikuwa akiandika makusanyo kwa penseli kwenye daftari la shule, jioni anamkabidhi mtunza hazina fedha mkononi, stakabadhi hakuna. Pampu ilipoungua, mfuko ukakutwa mtupu. Hakuna aliyeweza kuthibitisha wizi, wala hakuna aliyeweza kuukanusha. Aliyeshuhudia hayo akigoma kuchanga tena, simlaumu.

Halafu kuna malimbikizo. Pale ambapo kaya inalipa kwa mwezi, kamati mpya huingia na orodha ya madeni, ikidai hata miezi ambayo bomba lilikuwa kavu. Hilo silikubali kabisa. Maji hayakutoka, na mwananchi alikuwa akinunua dumu kwa mwenye pikipiki kwa bei ya kuumiza. Kumdai tena ni kumtoza kosa la mwingine.

Lakini upande wa pili nao usikilizwe. Ardhi ya huku juu ni ya kichanga, mvua ikinyesha maji yanazama, mito hakuna. Maji yanatoka chini kabisa, kama kwenye visima vya Mitema, yanasukumwa kupanda mlima mpaka kwenye matangi. Umeme na dizeli ya kazi hiyo havisubiri uchunguzi wa nani alikula nini. Na kuna jambo ambalo wagomaji hulisahau: mvua zikianza Desemba, wenye paa la bati na kisima cha saruji uani wanaacha kununua maji ya bomba hadi Aprili hivi. Makusanyo yanashuka vibaya, lakini mlinzi na fundi wanahitaji malipo yao kama kawaida. Kwa hiyo mfuko mtupu mwezi wa Machi peke yake hauthibitishi kwamba kuna mtu ametafuna. Kamati yenye vitabu safi ingeweza kulieleza hilo kwa dakika chache. Isiyo na vitabu haiwezi, hata ikiwa haina hatia.

Kinachoniuma zaidi ni nani anayeubeba mgomo. Mwenye kisima uani anaweza kugoma miezi mitatu bila kutetereka. Mama anayeishi kwenye nyumba ya nyasi hana paa la kuvunia maji. Bomba likifungwa yeye ndiye anayeshuka bondeni na ndoo alfajiri. Kwenye mkutano anayepaza sauti ya kugoma mara nyingi si yeye.

Ndiyo maana naona mgomo wa jumla ni kosa, ingawa hasira yake ni halali. Fedha zitenganishwe. Ya umeme au dizeli pamoja na posho ya mhudumu ilipwe, maji yatoke. Mchango wa matengenezo uzuiwe mpaka mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Wapo watakaosema kamati itachota huku ipeleke kule. Inawezekana, na malipo kwa simu kupitia namba ya malipo ya serikali yanasaidia kwa sababu fedha hazipiti mkononi. Hayatoshi lakini: fedha zinaweza kuingia benki vizuri na kutoka vibaya. Taarifa ya benki ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya kijiji, kila mwezi.

Wagomaji nao wana wajibu wao. Mikutano inaahirishwa kwa kukosa akidi huku watu wako kwenye korosho, kisha lawama zinarudi kwa kamati. Kamati inayoondoka ikabidhi vitabu mbele ya mkutano. Deni la miezi ya bomba kavu lifutwe, uamuzi uandikwe kwenye muhtasari. Deni la miezi ambayo maji yalitoka lilipwe, hata kwa mafungu, malipo ya korosho yakishaingia.