Mkutubi afundishwe kusachi PubMed, au tumwache dokta ajitafutie mwenyewe?

Wiki mbili zilizopita kwenye kikao cha bajeti cha chuo chetu, chuo cha afya hapa Dar, ililetwa hoja ya kuwapeleka wakutubi watano mafunzo ya kutafuta makala za kitabibu mtandaoni, yaani kwenye databesi kama PubMed, Hinari, Cochrane na ndugu zake. Mwalimu wetu mmoja, dokta bingwa ambaye mimi namheshimu sana, akaikataa palepale. Akasema mkutubi si daktari, ugonjwa haujui, sasa utamfundishaje mtu kutafuta kitu asichokielewa, halafu wanafunzi wa siku hizi wana simu na bando wanajitafutia wenyewe, hiyo hela bora tuongeze spidi ya intaneti. Wengi ukumbini wakaafiki. Mimi ni mkutubi, mwaka wa kumi na moja huu kaunta ileile, nilitoka pale roho inaniuma, ila nilivyofika nyumbani na kuitafakari hoja yake nimeiona ina uzito kuliko nilivyotaka kukubali siku ile, ndo maana naandika.

Nianze na upande wake, maana anastahili kusikilizwa vizuri.

PubMed ilitengenezwa ili mtu wa katikati asiwepo. Kabla yake, kutafuta kwenye MEDLINE, hazina ya rekodi za makala za kitabibu, ilikuwa kazi ya mkutubi aliyesomea amri zake, daktari anakuja na swali anaacha anaondoka, anasubiri majibu. Mwaka 1996 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ikaiweka PubMed kwenye intaneti na mwaka 1997 ikafanywa bure kwa dunia nzima, leo ina rekodi zaidi ya milioni 37 na mtu yeyote mwenye simu Mbagala au Tegeta anaifungua bila kumwomba mtu. Tena imewekewa akili ya kukusaidia, ukiandika heart attack yenyewe inajua madaktari wanaita myocardial infarction na inakutafutia vyote viwili. Hata kazi ya kubandika kila makala vichwa vya mada, vile vinavyoitwa MeSH, ambayo kwa miaka mingi walifanya watu wanaosoma makala moja moja, tangu 2022 inafanywa na kompyuta na watu wanabaki kukagua baadhi tu. Kwa hiyo dokta akisema mambo yanaelekea kwenye mashine, hasemi uongo.

Na kuna jambo ambalo yeye hakulisema ila mimi nalijua kwa sababu nimelipitia. Semina zetu hazifundishi. Nimehudhuria nne, zote zilifanana, siku mbili hotelini, mtaalamu anaonyesha kwenye projekta anabofya hapa anabofya pale, sisi tunaandika kwenye daftari, chai, chakula, cheti, posho, kwaheri. Ukirudi kazini unakaa kaunta unaazimisha vitabu na kugawa funguo za vyumba vya kusomea, baada ya miezi sita anakuja mwanafunzi anauliza kitu cha PubMed unafungua ukurasa hukumbuki hata pa kuanzia. Sasa mkutubi wa namna hiyo ana hatari yake, kwa sababu anabeba jina la maktaba, akimwambia mwanafunzi nimetafuta hakuna kitu basi mwanafunzi anaamini na anaandika hivyo kwenye tasnifu. Bora asiyejua kabisa, huyo atakwambia nenda kamuulize mwingine.

Hapo nampa dokta haki yake yote. Sasa nisimulie kilichotokea mwezi uliopita.

Alikuja dada mmoja rezidenti wa watoto, yaani daktari anayesomea ubingwa, ana laptopu imefunguliwa mkononi, uso umechoka. Shikamoo mama, marahaba dokta, shida nini. Anaandika proposo kuhusu dawa ya watoto wenye selimundu na amepata makala chache sana, za kuhesabu kwa vidole, supavaiza kamwambia basi andika kwamba kwa Tanzania eneo hili halijafanyiwa utafiti. Nikamwomba anionyeshe alichoandika. Alikuwa ameandika "sickle cell anaemia" na "hydroxycarbamide" na "under fives" na "Dar es Salaam", kila kimoja amekifunga kwenye alama za kunukuu, vyote vinne kavifunga pamoja kwa AND, yaani makala lazima iwe na vyote vinne ndo itoke.

Tulivyokaa tukaanza kufungua fundo moja moja. Zile alama za kunukuu ndo zilimponza kwanza, maana ukifunga neno hivyo unaizuia PubMed isikutafsirie, inatafuta herufi hizohizo tu, na sisi tumefundishwa Kiingereza cha Uingereza tunaandika anaemia wakati nusu ya dunia inaandika anemia, na wengine hawasemi anaemia wala anemia, wanasema sickle cell disease. Nikamuuliza dokta hii dawa ina jina lingine? Akasema ndiyo, Wamarekani wanaita hydroxyurea. Nikamuuliza na hawa waliofanya utafiti, wote watakuwa wameandika Dar es Salaam? Akacheka kidogo, akasema hapana wengine watakuwa Mwanza. Basi tukaweka mafungu matatu, ugonjwa na majina yake yote yakiunganishwa kwa OR, yaani lolote kati ya hayo linatosha, dawa na majina yake yote kwa OR, mahali kwa OR, umri tukautoa kabisa tuje kuuchuja baadaye, halafu mafungu yale matatu ndo tukayafunga kwa AND. Kwenye kila fungu tukaweka kichwa cha MeSH na maneno ya kawaida pamoja, kwa sababu si kila rekodi ya PubMed imebandikwa MeSH, ukitegemea MeSH peke yake unaziacha. Zikatoka, za Bugando kule Mwanza, za hapahapa Muhimbili, alikuwa anazisoma vichwa kwa sauti. Kidogo tu angeandika kwamba hakuna aliyewahi kugusa.

Angalia nani alijua nini pale. Mimi selimundu siijui kitabibu, jina la pili la dawa nilikuwa silijui mpaka yeye aliponiambia. Yeye alilijua muda wote lakini hakuna kitu kilichomfanya alitoe kichwani alipokuwa peke yake na ule ukurasa. Kwa hiyo hoja ya kwamba mkutubi hajui ugonjwa mimi naikubali ila haifiki pale dokta anapotaka ifike, maana kazi yangu pale kaunta ni kujua cha kumuuliza anayeujua.

Na kutokupata kilichopo si jambo dogo. Mwaka 2001 pale Johns Hopkins Marekani binti wa miaka 24, Ellen Roche, mzima wa afya, alijitolea kwenye utafiti wa pumu akavutishwa dawa inaitwa hexamethonium, mapafu yakaharibika akafariki mwanzoni mwa Juni. Ilivyochunguzwa ikaonekana mtafiti alikuwa ametafuta PubMed, ambayo wakati ule iliishia nyuma mwaka 1966, na makala zilizoonya kuhusu mapafu na dawa ile zilikuwa za miaka ya 1950. Zilikuwepo, kwenye vitabu na fahirisi za zamani, vitu ambavyo mkutubi wa tiba ndo kazi yake kujua vipo. Mimi nikisoma habari ile kila mara nafikiria mama yake yule binti.

Sisi hapa tuna la kwetu linalofanana, si la kifo ila la upofu uleule. Chikungunya ilielezwa kwa mara ya kwanza kwetu huku, mlipuko wa 1952 na 1953 Newala, na jina lenyewe ni la Kimakonde, la mtu anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Makala za kwanza zilichapishwa 1955. Sasa mwanafunzi wa leo anaandika chikungunya AND Tanzania, anaweza kukosa chanzo chenyewe, kwa sababu mwaka 1955 hapakuwa na nchi inayoitwa Tanzania, kichwa cha makala kinasema Tanganyika Territory. Mashine haikuulizi swali hilo. Mtu aliyekaa na mwanafunzi atamuuliza, unataka kuanzia lini?

Halafu Hinari. Hili dokta hakuligusa na ndo linaloniuma zaidi. PubMed inakupa ikisiri, ule muhtasari tu, makala nzima mara nyingi iko kwa mchapishaji na mchapishaji anataka dola 30, 40, kwa makala moja, hela ya chakula cha mwanafunzi wiki nzima. Tangu 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wana mpango huu wa Hinari unaofungulia nchi zenye kipato kidogo, na Tanzania iko kwenye kundi la kupata bure. Lakini haki hiyo inapewa taasisi, si mtu mmoja mmoja, taasisi inasajiliwa na inapewa namna ya kuingia, na kwenye taasisi nyingi anayeshika pasiwedi ni mkutubi. Mkutubi asipojua kuitumia, au pasiwedi imebadilishwa na hakuna aliyefuatilia, basi chuo kizima kiko bure kwenye karatasi na wanafunzi wanaombana PDF kwenye magrupu ya WhatsApp usiku wa manane. Nimewaona. Na ukirudi kwenye hoja ya spidi, kurasa za PubMed ni maandishi matupu karibu zote, hata intaneti yetu hii ya kusuasua inazifungua, tatizo letu la kwanza haliko kwenye waya.

Kuhusu AI, hii akili bandia, sina maneno mengi. Inasaidia kufikiria maneno ya kutafutia, hilo nimeliona mwenyewe. Ila mwezi wa tatu kijana wa diploma aliniletea orodha ya makala tisa alizopewa na AI, ina majina ya waandishi, majarida, miaka, zote zinapendeza. Kila rekodi PubMed ina namba yake, PMID, tukaanza kuzitafuta moja baada ya nyingine, nne hazipo popote duniani. Yule kijana hakuwa mdanganyifu, aliamini tu, na mpaka anafika kaunta hakuna mtu aliyekuwa amemwonyesha kwamba kuna namba ya kukagua.

Sasa mimi nasimama wapi? Nasema tufundishwe, ila si kama ilivyoandikwa kwenye ile hoja, na hapa nakubaliana na dokta kwamba ile hela ya hoteli ingepotea. Ningependa mtu mmoja anayejua aje akae na sisi maktabani saa mbili kila wiki kwa muhula mzima, kila mkutubi aje na swali la kweli la mwanafunzi wa kweli, atafute, mwenzake aikague ile tafuta kabla haijapelekwa kwa mwenye swali, jambo ambalo wenzetu wana mwongozo wake kabisa unaitwa PRESS. Tuwe na daftari, kila tafuta iandikwe maneno yaliyotumika, databesi gani, tarehe gani, ili mkutubi asiseme tena hakuna kitu, aseme nimetafuta hapa na hapa kwa maneno haya na sijapata. Na tukubali hatuwezi kumtafutia kila mtu. Wakutubi watano kwa wanafunzi mamia kwa mamia haiwezekani, mwaka wa kwanza wapewe darasa, nguvu ya kukaa na mtu mmoja mmoja iende kwa marezidenti na wale wanaofanya mapitio ya kimfumo, yaani kukusanya na kupima tafiti zote za swali moja, ambako Cochrane, shirika linaloandaa mapitio hayo, wenyewe wanashauri mkutubi awemo tangu mwanzo. Kinachonitia shaka bado ni muda, maana nani atakaa kaunta hizo saa mbili? Hilo sijalipatia jibu, mkuu wetu naye hajalipatia.

Juzi Jumatano nilijikaza nikaenda ofisini kwa yule dokta. Sikwenda kubishana, nilimwambia dokta nakuomba swali lako moja, la kweli, unalolihangaikia sasa hivi, tukae dakika 20. Akanitazama, akavuta kiti. Swali lake lilikuwa kwa nini wazazi wanachelewa kuleta hospitali mtoto wa malaria aliyepata mitukutiko ya mwili, alikuwa ameshatafuta kwa convulsions, seizures, cerebral malaria, ameweka vizuri tu, OR zake na AND zake, kwa kweli kunizidi mimi. Nikamuuliza, dokta, huyu mama akiwa bado nyumbani, kabla hajaja kwako, anauitaje huu ugonjwa?

Akasema, degedege.

Tukaliandika hivohivo kwa Kiswahili, d-e-g-e-d-e-g-e, tukabofya. Makala zikatoka, zikiwemo za Bagamoyo, wazazi wanaeleza wenyewe kwa nini walianzia kwa mganga. Dokta akasogeza kiti karibu na skrini akaanza kusoma.