Jisii Iliyonusa Samaki

Mashine yetu ya kromatografia ya gesi, ambayo hapa maabara tunaiita jisii tu, ilikuwa na tabia za mtumishi wa serikali. Asubuhi inachapa kazi, ikikaribia saa sita inaharibika, saa tisa alasiri inarudi kana kwamba haikwenda popote.

Kazi yake ni kupima pombe kali inayotengenezwa kwa molasi ya miwa huku upande wa Kisumu, tujue ina methanoli kiasi gani kabla haijapofusha watu. Methanoli huchemka kwa nyuzi 65, ethanoli kwa 78, basi zinatoka kwenye kolamu, ule mrija mrefu mwembamba wa ndani, zikifuatana, kila moja na kilele chake kwenye skrini. Lakini adhuhuri mstari wa chini, ule unaotakiwa kulala tuli, ulipanda ukitetemeka mpaka kilele cha methanoli kikamezwa.

Daktari, mkuu wetu, akasema ni septamu, kile kizibo cha mpira kinachochomwa sindano ya sampuli. Tukabadilisha. Akasema ni laina, kile kibomba cha kioo kilicho chini ya septamu. Tukaweka mpya. Tukakata ncha ya kolamu, tukaioka kolamu yenyewe usiku, mvua ikanyesha, stima ikapotea, tukaanza upya. Wapi! Daktari akamgeukia kijana wa atachimenti, mwanafunzi aliyekuja kujifunza kazi: eti marashi yake. Kijana akaagizwa aje bila kujipaka chochote, akatii. Mstari ukapanda vilevile, na yeye akashinda amepauka bure.

Ndipo akaitwa injinia kutoka Nairobi. Alizima moto wa detekta, kile kipimio kinachounguza kila kinachotoka kwenye kolamu, akauwasha tena, ukalia "pwa!" Daktari akaruka nyuma hadi kwenye sinki. (Mlio huo ni wa kawaida, haidrojeni ikishika moto. Daktari huwafundisha wengine hivyo.) Injinia akashika spana inayong'aa juu ya tundu la detekta, ikaota ukungu. Haidrojeni ikiungua hutoa mvuke wa maji, kwa hiyo moto ulikuwepo. Akanusa hewa.

"Kompresa yenu iko wapi?"

"Nje, chini ya dirisha."

Akatoka, akakawia. Aliporudi alikuwa anapangusa midomo.

"Samaki wenu huyu, mbuta, ni mtamu," akasema. "Na mashine inakubaliana nami."

Kumbe moto ule mdogo hulishwa haidrojeni kama mililita 40 kwa dakika, lakini hewa ni kama 400, na hewa yote hiyo kompresa yetu ilikuwa ikiivuta pembeni mwa karai la Mama Samaki, anayekaanga na kuuza samaki pale nje. Moshi wa mafuta umejaa kaboni, na detekta ya aina hii haiulizi kaboni imetoka kwenye chupa ya sampuli au kwenye mkia wa ngege.

Daktari alikataa katakata. Sayansi inataka ushahidi, akasema, si njaa ya injinia. Akaamuru jaribio lifanywe saa kumi jioni, Mama Samaki akiwa anafunga kazi. Alimweleza kwa heshima zote kwamba kromatografia si mchezo, kwamba Martin alipata Nobeli ya kemia mwaka 1952.

"Martin yupi?" Mama akauliza. "Wa Ahero ama wa Kondele?"

Basi Daktari akakaa kwenye skrini, mimi nikawa dirishani kupitisha amri.

"Mama, tia!"

Samaki akatiwa. Chwaaa! Mstari ukalala tuli. Daktari akaanza kutabasamu. Injinia akamwambia asubiri, tangi la kompresa bado lina hewa ya zamani. Samaki wa kwanza akaiva, akatiwa wa pili. Wapita njia wakaona kuna punguzo la bei, wakapanga foleni. Wa tatu akiwa kwenye mafuta, mstari ukaanza kupanda.

"Toa!" Daktari akapiga kelele.

"Mama, toa!"

"Omera, huyu hajaiva!"

"Toa hivyo hivyo, ni sayansi!"

Akatoa, akinung'unika kwa Kijaluo maneno ambayo sitayaandika. Tukangoja tangi lijisafishe, na mstari ukashuka. Daktari akadai jaribio lirudiwe, maana matokeo ya mara moja si matokeo. Likarudiwa. Kufikia magharibi tulikuwa tumekula ushahidi wote, kijana wa atachimenti akiwa amekula mwingi kuliko wote, na nadhani ilikuwa haki yake.

Mama Samaki hakuhamishwa. Alikuwepo pale kabla ya maabara. Tulivuta bomba la hewa hadi upande wa pili wa jengo na kuongeza chujio la mkaa.

Kilichobaki kilikuwa gharama. Daktari alijaza fomu ya vifaa vya maabara, akabandika risiti ya Mama Samaki, akaituma kwa mhasibu. Mhasibu alimpigia simu, tukamsikia sote.

"Daktari, samaki nimeelewa. Kachumbari pia nitajitahidi kuelewa. Lakini huu ugali wa watu sita, ulikuwa unapima nini?"