Kiapo cha Jumapili na Mkungu wa Ndizi

Mbege, pombe ya Wachaga ya ndizi na ulezi, ina hila ambayo bia haina, nayo ni kufanana na uji. Mtu aliyekulia Tanga mjini kama mimi akikabidhiwa kata iliyojaa kinywaji kizito chenye chembechembe za ulezi zinazoelea juu, kisha akaambiwa na wakwe zake wa Marangu kwamba hicho ni chakula, haoni sababu ya kuhesabu. Jumamosi ile, tulipotoka Arusha kwenda kuwasalimu wazazi wa mke wangu, nilikunywa kama mtu aliyekosa chakula cha mchana, na ule uchungu wa gome la msesewa, ambao mwanzoni ulinikunja uso, baadaye nikawa nautafuta.

Sitasimulia yote. Inatosha kusema kwamba kabla ya saa tatu usiku nilikwisha kumkumbatia baba mkwe mbele ya ndugu zake na kumwita "mshkaji wangu". Mzee huyo ni mwalimu mstaafu ambaye hata mwanawe wa kwanza, mtu mwenye mvi, huvua kofia kabla ya kumwamkia. Asubuhi nilimkuta barazani akipiga kiwi viatu vya kwendea kanisani, nikamwamkia kwa sauti ya mtu aliyekuja kukopa. Hakuinua macho. Alipaka kiwi, akasugua kiatu kizima kuanzia kisigino hadi kwenye ncha, akakiweka chini, ndipo akajibu: "Marahaba, mshkaji."

Kanisani sikusikia mahubiri. Kichwa kiligonga kwa kufuata mapigo ya ngoma za kwaya, na katikati ya kugonga huko niliapa kimoyomoyo kwamba nimeacha: si bia, si konyagi, si mbege. Nilifika hata mahali pa kupanga nitakavyowaambia wenzangu wa kazini, nikaamua kusema kwamba natumia dawa, kwa sababu baa mtu mwenye dawa huachwa na soda yake kwa amani, ilhali anayesema ameacha pombe huulizwa kama ameokoka au amefilisika.

Ibada ilipomalizika tulitoka nje kwenye mnada. Kwa wasioujua utaratibu huo, waumini wengine hutoa sadaka ya mazao badala ya fedha, na mayai, parachichi, kuku na maziwa hayo hunadiwa hapo hapo uwanjani. Yaliuzwa mayai, akauzwa jogoo mmoja aliyepiga kelele zilizonipasua ubongo, kisha ukaletwa mkungu mkubwa wa ndizi ulioanzia shilingi 7,000. Jua la saa tano lilinichoma machoni, nikainua mkono kujikinga.

"Elfu nane kwa mkwe wetu wa Arusha!" akapaza sauti mzee aliyekuwa akinadi.

Mtu mzima angetikisa kichwa kukataa, lakini kichwa changu siku hiyo hakikuwa cha kutikiswa, hivyo nikapunga mkono. Mzee alifurahi sana. Mama mmoja wa kwaya akataja 10,000, nami nikazidi kupunga kwa mikono yote miwili ili nieleweke, na kila nilivyoongeza bidii ya kukanusha ndivyo bei ilivyopanda na watu wakashangilia. Nilimtazama mke wangu aniokoe. Alikuwa amejifunika uso kwa kitenge, mabega yakimtetemeka. Yule mama alikata tamaa kwenye 25,000. Nikalipa kwa simu shilingi 26,000, ambazo zilikuwa za mafuta ya kuturudisha Arusha, huku mchungaji akinishika mkono na kunishukuru kwa moyo wangu wa utoaji.

Nyumbani mama mkwe aliuzunguka mkungu, akaibonyeza ndizi moja kwa kidole gumba, akaikata ncha na kuinusa.

"Mwanangu, nani kakufundisha kuchagua? Hizi si za kupika. Hizi ni za mbege."

Niliona heri nitoe kiapo changu hadharani mapema. Nikamweleza, kwa heshima zote na mbele ya baba mkwe, kwamba tangu leo nimeachana na pombe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika bega, na macho yake yakalengwa machozi.

"Umefanya la maana sana, baba. Hizo bia zinawamaliza vijana."

Kisha akawaita wajukuu waubebe mkungu wakauvundike, akaingia stoo, akatoka na debe lililokuwa karibu tupu. Ulezi wa kuoteshea kimea ulikuwa umebaki kidogo, na kwa kuwa hapo nyumbani mwenye gari nilikuwa mimi peke yangu, mke wangu akanipa fedha ya mafuta, nikatumwa sokoni kuuleta.