Mizinga Mitini

Najua ile voisi imeshawafikia. Ile ya mtu anayecheka hadi anapaliwa, na nyuma yake yowe la mama mtu mzima. Mchekaji ni rafiki yangu wa Ngamiani, shahidi asiyeaminika hata kidogo. Sikilizeni kwa mhusika mwenyewe, masikio bado ya moto.

Wageni humu: natunga sheria za mchezo wa vita vya mezani, vijisanamu vya milimita 28, na vita vyenyewe ni vya hapa hapa Tanga, Novemba 1914. Waingereza walishusha watu kama 8,000 Ras Kasone, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ana kama 1,000, wakarudishwa walikotoka, na nyuki wakatia mkono. Meza haibebi jeshi lote hilo, kwa hiyo nilikata kipande kimoja cha tarehe 4, karibu na reli: Waingereza na Wahindi 32, askari wa Mjerumani 20. Kitambaa sentimita 120 kwa 120, reli ya njiti za kiberiti. Askari wengi wa Mjerumani walikuwa na bunduki za mwaka 1871, za baruti ya moshi, basi kikosi kikifyatua unakiwekea pamba mbele, na hakioni kitu hadi raundi inayofuata. (Pamba ichambue iwe nyepesi. Donge zima linaangusha vijisanamu.)

Siku hiyo ilikuwa jaribio la kimya. Mtunzi unatoa karatasi, unakaa pembeni, hufumbui mdomo, kwa sababu mnunuzi hatakuta mtunzi ndani ya boksi. Ukiulizwa, jibu ni moja: "Soma." Nikaapa mbele ya watu.

Sasa karatasi yenyewe. Ukurasa wa 3: "Mzinga hupiga hadi sm 90, dadu 3 kila raundi, 4 au zaidi, adui amekufa." Huo ni wa Fox, manowari ya Waingereza, iliyokaa ukingoni mwa meza. Ukurasa wa 5: "Mizinga: weka 4 mitini." Hiyo ni ya nyuki! Risasi ikipita kwenye mti, unarusha dadu, ikija 6 nyuki wanatoka. Nyuki ni ufuta niliougundisha kwenye vipande vya karatasi ngumu.

Mmeshaona? Mimi sikuona. Miezi minne sikuona.

Mjomba, mhasibu mstaafu, ndiye Mjerumani. Akavaa miwani. Akasoma ukurasa wa 5. Akarudi wa 3. Akarudi tena wa 5, kidole kikifuata mstari. Akachukua mizinga yangu minne, vijiti vya mianzi nilivyovikata kwa kiwembe, akaipandisha mitini mmoja mmoja, akaigeuza midomo ielekee baharini.

"Werevu hawa Wajerumani," akasema. "Walipandisha hadi mitini."

Nikauma mkono wa shati.

Akavuta tepu. Sentimita 84. Akatikisa kichwa kama anayekuta hesabu zimelingana. Mizinga minne, dadu tatu tatu, jumla 12. Saba wakafa. Rafiki yangu, Mwingereza, ananitazama. Soma, namwonyesha kwa kidole. Raundi ya pili, sita. Kumi na tatu wamelala, na hakuna aliyefika relini. Mjomba akakusanya dadu 12 kwa mara ya tatu, akazipuliza, mkono ukapanda juu polepole, na mimi nikahisi kitu kinatoka tumboni, kinapita kifuani, kinafika kooni, nikasimama, kiti kikaanguka:

"NYUKI, MJOMBA! NI YA NYUKIII!"

Dirisha lilikuwa wazi.

Mkaza mjomba alitoka jikoni na khanga kichwani, mwiko mkononi, akipiga lile yowe, akapita katikati yetu hadi uani. Watoto waliokuwa wakicheza barazani hawakuuliza. Jirani akafunga madirisha, pa, pa, pa. Bodaboda aliyekuwa akisubiri abiria aliacha pikipiki ikiunguruma akakimbilia upande wa baharini, na ndugu zangu, Waingereza wa 1914 walikimbilia huko huko. Rafiki yangu alikuwa chini ya meza. Si kwa woga, alikuwa anarekodi.

Basi, nimeomba radhi nyumba nne. Ukurasa wa 3 sasa unasema "mzinga wa baruti", wa 5 "mzinga wa nyuki", kila mahali, hata pale inapochosha. Na kwa kuwa nilikuwa nimefungua karatasi, dadu ya nyuki sasa ni moja kwa kikosi, si kwa kila risasi: bunduki nane zikirusha dadu nane, uwezekano wa kupata 6 unapita robo tatu, meza nzima inakuwa asali. Kikosi kilichoumwa kinarudi sm 15, na raundi inayofuata hakifyatui.

Mjomba anadai ushindi wake uandikwe. Mkaza mjomba alirudi baada ya nusu saa, akachungulia meza, akaokota kipande kimoja cha ufuta, akakigeuza, akanitazama.

"Hawa ndio waliokutoa roho?"

Akakila.