Muuza plaiwudi aliyeingia Seneti

Wakitajwa wahamiaji waliofika mbali katika siasa za Marekani, Rudy Boschwitz husahaulika. Mimi namweka juu, ingawa si kwa miaka yake 12 ya useneta.

Alizaliwa Berlin mwaka 1930 katika familia ya Kiyahudi. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, wazazi walikimbia naye, wakaishia New York. Alisomea biashara, kisha sheria, lakini riziki aliikuta kwenye mbao: mwaka 1963 alianzisha Plywood Minnesota, na matangazo ya televisheni akayafanya mwenyewe, kavaa shati la drafti. Alipogombea useneta wa jimbo la Minnesota mwaka 1978, jimbo zima lilishamzoea sebuleni. Kujulikana ndiko kunakomshinda mgeni mwenye ndoto za siasa. Yeye alikuwa ameshakulipia kwa fedha za duka.

Katiba haikumzuia: seneta anatakiwa kuwa na miaka 30 na uraia wa miaka 9, urais ndio usiomruhusu aliyezaliwa mgeni. Bahati nayo ilikuwepo. Mpinzani wake, Wendell Anderson, alijiuzulu ugavana ili naibu wake apande, kisha amteue kukikalia kiti cha Seneti alichoacha Walter Mondale alipochaguliwa makamu wa rais. Wapiga kura walimsubiri na ujanja wake huo.

Mwaka 1990 Boschwitz akaangushwa na Paul Wellstone, mwalimu wa chuo mwenye fedha kiduchu na basi kuukuu la kijani. Mgombea ugavana wa chama cha Boschwitz alikuwa amejitoa kwa kashfa dakika za mwisho, na hilo liliumiza. Ila kubwa, kwa maoni yangu, ni ile barua ya kambi yake kwa Wayahudi, iliyomlaumu Wellstone, naye Myahudi, kwa kutowalea wanawe Kiyahudi. Mke wa Wellstone alikuwa Mkristo, na wapiga kura wengi pia. Unawaambiaje watu hao kwamba kulea mtoto Kikristo ni dosari? Mwenye duka hamuulizi mteja dini yake.

Kazi yake bora ilikuja akiwa hana cheo cha kuchaguliwa. Mapema mwaka 1991 Rais George H. W. Bush alimtuma Addis Ababa kumshawishi Mengistu, mtawala wa Ethiopia, awaachie Wayahudi wa Ethiopia, huku waasi wakiusogelea mji. Mengistu alikimbia nchi Mei 21. Serikali iliyobaki ikalipwa dola milioni 35, na Mei 24 na 25 ndege za Israeli, nyingine zikiwa zimeng'olewa viti, zikabeba watu zaidi ya 14,000 hadi Israeli kwa takriban saa 36.